Fundi anataka kukata mabati yote kwa grinda, na nyumba iko Sahare karibu na bahari. Nimkubalie?

Muuza Samaki, Sahare

Assalaam aleikum, na habari za kazi kwenu nyote.

Mimi ni mama, nauza samaki wa kukaanga pale Deep Sea hapa Tanga, na nyumba ninayojenga iko Sahare. Kenchi zimeshasimama, papi zinagongwa wiki hii, mabati yanakuja Jumamosi. Ni ya rangi ya buluu, migongo mipana, geji 28. Fedha yake nimeikusanya miaka minne kwenye kikoba, kwa hiyo mniwie radhi nikiuliza kwa urefu.

Paa ni la pembe nne, na mbele kuna baraza iliyotokeza, ndiyo maana kuna vali mbili, yale mabonde pande mbili za paa zinapokutana. Nimekaa na fundi tukahesabu, mikato ya mshazari inafika 60. Yeye anasema ataikata yote kwa grinda, hukohuko juu, na kwa siku moja na nusu amemaliza. Nilipomtajia mkasi akaniambia mkasi unakatia bati la choo, nyumba haiwezi.

Hofu yangu ina mwanzo wake. Mwaka juzi nilijenga jiko la nje, mabati manane tu, rangi hiihii. Fundi mwingine, kijana mwenye adabu na mwepesi wa kazi, aliyakata kwa grinda akiwa juu ya paa. Jioni ile jiko lilikuwa linang'aa mpaka majirani wakaja kulitazama. Masika yalipoingia nilipanda ngazi kufunga turubai, nikakuta bati limejaa madoa ya kahawia, madogo kama ufuta, mamia kwa mamia, yametawanyika kama upepeo kuanzia pale alipokatia. Nikayasugua kwa stilwaya. Yakatoka, na rangi ikatoka nayo. Leo ukingo wa chini rangi imevimba, na kutu imepanda upana wa kidole kizima kutoka kwenye mkato.

Chumvi naijua. Kisu changu cha kupalia samaki nikikilaza bila kukifuta, alfajiri kimeshika kutu. Lakini vyombo vya kupaulia sivijui, na sitaki kumvunjia fundi heshima kwa jambo nisilolijua. Kosa lilikuwa la grinda au la bati lenyewe? Kuna ukataji usiotoa moto unaoweza mikato 60? Kiwanjani umeme haujafika, fundi anapanga kukodi jenereta.

Kijana wa Pongwe

Mama, shikamoo.

Mimi napaua Pongwe, Muheza, mpaka Maramba nimefika, na grinda ndiyo chombo changu cha kila siku. Nitaitetea kidogo, kwa sababu nyumba nilizopaua zipo na hazijaoza. Aliyekosea kwenye jiko lako ni mkataji. Bati halikatwi juu ya paa kwa grinda. Linateremshwa chini, linawekwa mbali na mabati mengine, linageuzwa upande wa rangi utazame chini, na jiwe la grinda, lile duara linalokata, liwe jembamba la milimita 1, jipya. Jiwe nene linachoma bati kabla halijalikata. Ukimaliza kila bati unalipangusa, na ukingo unapakwa rangi. Mimi hufanya hivyo.

Ila niwe mkweli, Pongwe upepo wa bahari unafika umechoka. Sahare sijawahi kupaua.

Fundi Paa, Ngamiani

Dada yangu wa Sahare, pole kwa jiko. Bati lako halikuwa baya, lilichomwa.

Nilianza kazi hii 1987, nikiwa saidia fundi hapahapa Ngamiani, wakati tukikata kwa tindo na nyundo juu ya gogo la mwembe. Nimepitia tindo, mkasi, grinda, na sasa nimerudi kwenye vyombo visivyotoa moto, na nataka uelewe kwa nini nimerudi.

Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki pande zote mbili, siku hizi mara nyingi zinki iliyochanganywa na alumini, halafu ndipo rangi. Rangi ni nguo. Mlinzi ni ile zinki. Nayo ina tabia moja ya ajabu: ikikaa jirani na chuma kilicho wazi, huliwa yenyewe kwanza na chuma kikabaki salama. Ukikata kwa mkasi, ukingo unabaki chuma kitupu, kweli, lakini unene wake haufiki hata nusu milimita, na zinki iliyo juu yake na chini yake inatosha kuulinda. Sasa zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Jiwe linapokwangua chuma mpaka kikamwaga cheche, pale penye mkato joto limepita huko mbali. Zinki ya pembeni imeungua, rangi imebabuka, chuma kimebaki hakina wa kukisemea. Hiyo ndiyo kutu yako ya upana wa kidole.

Ule ufuta ni jambo jingine, usiyachanganye. Kila cheche ni punje ya chuma kitupu yenye moto, na ikitua kwenye rangi inajichomeka. Umande wa usiku mmoja na chumvi ya Sahare, imeota kutu. Kwa hiyo madoa uliyoyaona mwanzo yalikuwa kutu ya ule unga, bati lenyewe lilikuwa bado zima. Yangepanguswa jioni ileile kwa brashi laini na maji, mengi usingeyaona. Stilwaya ndiyo iliyolichubua bati, na kutoka hapo kutu ikawa ya bati kweli.

Mwanangu wa Pongwe amesema vizuri, na ningependa mafundi wote wa grinda wangekuwa kama yeye. Kuligeuza bati kunaokoa uso wake. Lakini hakuokoi ukingo, kwa sababu ukingo umeungua hata ukiwa umegeuzwa, na rangi ya kopo unayoupaka haizibi kama ile ya kiwandani. Bara unaweza kuvumilia hilo. Sahare upepo wa kusi unatoka baharini, na kaskazi nayo inatoka baharini. Ukingo ulioungua hauna msimu wa kupumzika.

Sasa tuje kwenye kazi yako. Mikato 60, kila mmoja kama mita 1.2 kwa paa la namna hiyo, jumla ni mita 72. Kwa mkasi peke yake, kuivuka migongo mipana kwa mshazari, mkono wa fundi utakufa ganzi kabla ya mkato wa kumi, na hapo anayosema ni kweli. Chombo unachokihitaji kinaitwa nibla. Ipo ya kufunga kwenye mdomo wa drili, ndogo, inaenea kiganjani. Inalitafuna bati kwa kutoboa vipande vidogovidogo vilivyopinda kama mwezi mwandamo, haitoi cheche, inapanda mgongo na kushuka bila kulikunja bati. Geji 28 kwake ni kitu chepesi. Na kwa kuwa drili ya betri inaiendesha, jenereta huihitaji. Chajini betri mbili nyumbani usiku, moja ifanye kazi, nyingine ingoje. Ukihesabu dakika kumi kwa kila mkato, kupima na kuchora na kukata, ni saa kumi. Fundi wako amesema siku moja na nusu, mimi nakwambia siku mbili. Tofauti ni nusu siku.

Ubaya wa nibla ni vile vipande vyake. Ni vikali, vinachoma unyayo na kutoboa tairi la baiskeli, na vikibaki juu ya paa vitaota kutu kama ule ufuta. Katieni chini, juu ya turubai kuukuu. Jioni chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, ipitishe uwanja mzima. Watoto wa Sahare wanacheza peku.

Wapo wanaotumia msumeno wa umeme wa duara wenye bapa la kukatia chuma, lile lenye meno mengi ya kabaidi. Unakata upesi na ukingo hauungui kama wa grinda, lakini bapa lake ni ghali na kelele zake zitakuletea mtaa mzima. Ukiona mtu amechukua bapa la kukatia mbao akaligeuza nyuma mbele ili akatie bati, mwondoe kiwanjani. Msumeno wa jigi nao unaweza, ila bati linatetemeka mpaka rangi inapasuka kwenye mstari, kwa hiyo uweke kwa matundu madogo tu, kama la bomba.

Kuna jambo mafundi wengi hatuwaambii wenye nyumba, nalo lina uzito kuliko chombo chenyewe. Mkato ulio bora ni ule ambao hukuukata. Kama bado hujalipia, mpelekee muuzaji vipimo vya kila upande wa paa, kiwandani wanakata urefu unaotaka kwa mashine. Hapo unabaki na mshazari tu. Na ule mshazari upangeni hivi: ukingo wa kiwandani ukae chini kwenye mchirizi, unakopigwa na mvua na upepo, na ukingo uliokatwa uende juu, ufunikwe na kofia, lile bati linalofunika kilele na pembe za paa. Pia msitupe pembetatu inayobaki. Izungushe nusu duara, upande wa rangi ukibaki juu, itakaa kwenye pembe ya mkono uleule upande wa pili wa paa. Angalieni tu mgongo wa kupandiana umeangukia wapi kabla ya kupiga skrubu. Nimeona mabati kumi mazima yakinunuliwa zaidi kwa sababu pembetatu zimepewa jirani afunikie banda la kuku.

Na kuchora: penseli isiguse bati lenye zinki. Ule unga mweusi wake huvuta kutu kwenye mstari uleule. Mimi nilifundishwa kuchora kwa ncha ya msumari, nikafanya hivyo miaka, na huo ni mkwaruzo unaokata zinki, nimeuacha. Tumia maka peni.

Muuza Samaki, Sahare

Kaka fundi, Mungu akulipe. Nimeyasoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Mabati nilishalipia, na yamekatwa kwa urefu wa paa kiwandani, alhamdulillahi, hilo fundi wangu alilisimamia bila mimi kujua maana yake.

Nina mawili. La kwanza ni vali. Umesema ukingo uliokatwa ufunikwe na kofia, lakini kwenye vali hakuna kofia, ukingo uko wazi na maji yote ya paa yanapita hapo. La pili ni jiko. Nalitazama kila siku nikipika, linanihuzunisha. Linaponyeka?

Fundi Paa, Ngamiani

Umeuliza pale panapouma. Kwenye pembe za juu, kofia inafunika kama sentimita 15 kila upande, kwa hiyo fundi akikosea kwa kidole hakuna atakayeona, na mvua haifiki. Vali ni kinyume chake. Ukingo uko machoni, unalowa, majani yanakaa, na maji yenye majani hayakauki. Kama nyumba nzima ingekuwa na sehemu moja tu ya kukatazwa grinda, ningesema ni vali.

Bati la vali lenyewe ni bapa, lile halihitaji nibla, mkasi ulionyooka unatosha. Litandazwe kwanza. Halafu mabati ya paa yawekwe yakiwa marefu, yavuke, uzi wenye chokaa upigwe kutoka juu hadi chini, yachorwe, yateremshwe, yakatwe, yarudishwe. Yasikatwe yakiwa yamelala juu ya vali, mtakwaruza bati lililo chini na hamtaona mpaka livuje. Acheni uwazi katikati, upana wa kiganja, mkono wenye ufagio upite. Kama una mwembe au mkungu karibu ongeza kidogo. Nimefungua vali nyingi zilizovuja hapa mjini, na nyingi tatizo lake lilikuwa kubanwa. Fundi alitaka kingo zikaribiane zipendeze, majani yakaziba, maji yakapanda pembeni.

Na kabla ya kofia kufungwa, mwambie fundi akunje juu kidogo ule mdomo wa bati katikati ya migongo, kwa koleo. Mvua ya upepo ikisukumwa chini ya kofia inagonga hapo na kurudi.

Jiko: pima bati limetokeza kiasi gani nje ya ubao. Kama ni vidole vinne au zaidi, kata kile kidole kimoja kilichoungua, kwa mkasi, ukifuata mstari, na hapo umeanza upya. Kama halijatokeza hivyo, sugua kutu kwa msasa laini mpaka uone chuma, pangusa, paka rangi yenye zinki kwanza, ikikauka paka ya buluu juu. Upake pale penye ugonjwa tu, kwa brashi ndogo. Ukipaka paa zima, rangi ya kopo itapauka kabla ya ile ya kiwandani na jiko litakuwa na viraka vya rangi mbili.

Mwenye Duka la Vifaa, Muheza

Naongeza kuhusu mikasi, maana wateja wananunua mmoja halafu wanaurudisha wakisema mbovu. Mikasi ya bati yenye mipini ya rangi iko mitatu, na rangi ya mpini ina maana. Mwekundu unapinda kushoto, wa kijani unapinda kulia, wa njano unakata ulionyooka. Kwa vali na kofia chukua wa njano, na kwa kona chukua yote miwili iliyobaki. Ukikata usiufunge mdomo mpaka mwisho. Funga mpaka karibu na ncha, sogeza mbele, funga tena. Ukiufunga wote unaacha jino kwenye ukingo kila mara, na jino hilo ndilo linalochana mkono.

Nibla ya kufunga kwenye drili, ulizeni kama ina jino la akiba, kile kipande kinachotoboa bati, ndani ya boksi. Jino likiisha bila la akiba, mtakaa.

Mkaazi wa Bagamoyo

Hakuna aliyegusa upande wa mwili, niuguse mimi.

Nilikuwa saidia fundi hapa Bagamoyo. Fundi niliyekuwa naye aliona grinda ndogo inachelewa, akatoa kinga yake, akafunga jiwe kubwa la inchi 9. Grinda ndogo inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Jiwe lile limeandikwa juu yake mwenyewe kwamba mwisho wake ni mara 6,600 hivi. Lilipasuka kwenye bati la tatu. Kipande kilipita kwenye mkono wangu wa kushoto, kikakata kano mbili, na mpaka leo vidole viwili havikunji. Yeye hakupata hata mkwaruzo.

Mama, hata ukienda na nibla, fundi wako grinda atakuja nayo kwa ajili ya nondo na mabomba. Ukiona haina kinga, simamisha kazi. Wewe ndiye mwenye nyumba, una haki hiyo. Nunua miwani na glavu za ngozi kwa wote walio kwenye bati, akiwemo yule kijana anayepokea chini, maana yeye ndiye anayesahauliwa. Na bati la mita tano lisipandishwe upepo ukiwa umeamka. Asubuhi na mapema huku pwani kunakuwa shwari, wapandishe wakati huo.

Kijana wa Pongwe

Pole sana kaka wa Bagamoyo.

Mzee wangu wa Ngamiani, nimejifunza. Niliporudi nyumba moja niliyoipaua Muheza nilipanda kuangalia kingo zangu. Zilizo chini ya kofia ziko sawa. Kwenye vali, rangi niliyopaka imeanza kuinuka. Nimemwambia mwenye nyumba nitarudi kuitengeneza, bila malipo.

Muuza Samaki, Sahare

Narudi na habari, wiki tatu baadaye.

Fundi wangu nilimwita jioni, nikamtengea chai na samaki, nikamwonyesha jiko kwanza. Tulipanda ngazi pamoja. Akaligusa bati kwa kucha, rangi ikabanduka, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, hiyo nibla sijawahi kuishika. Ukiipata, nitajaribu." Sikusikia kiburi chochote katika sauti yake, na nilijilaumu kwa siku zote nilizoogopa kumwambia.

Niliipata mjini. Drili ya betri tuliazima kwa shemeji yangu anayetengeneza vitanda. Mkato wa kwanza ulikwenda kombo, akakatia kipande kibovu mpaka mkono ukazoea, na kufikia adhuhuri alikuwa anaivusha migongo kama anapasua kitenge. Mikato ilitoka 57, kwa sababu pembetatu zilirudi kazini kama ulivyosema kaka fundi. Siku mbili na robo. Robo ilikuwa ya vali, nilimwomba asiikimbize.

Mvua imenyesha mara nne tangu hapo, na umande kila usiku. Leo asubuhi nilipanda na kitambaa cheupe nikapangusa karibu na vali, kikatoka na vumbi tu. Sumaku ya spika niliipitisha jioni zote, na bado siku ya nne nilipata vimwezi viwili mchangani karibu na mlango, kwa hiyo anayefanya hivi arudie kupitisha hata akidhani amemaliza.

Jiko fundi amelikata ule ukingo ulioungua, hakutaka malipo. Nibla iko kwangu. Mwenye kupaua Sahare, Mwambani au Raskazone aje aiazime, ila airudishe na kiboksi chake, jino la akiba limo ndani.